Namba Chini ya Kioo

JEROTICH: Haloo? Naongea na nani?

KIPLAGAT: Jero, ni mimi. Tafadhali usikate.

JEROTICH: Mimi nani?

KIPLAGAT: Kiplagat. Si unajua sauti yangu.

JEROTICH: Nilikuwa naijua. Habari ya huko Sterling?

KIPLAGAT: Nzuri. Sasa sikiza—

JEROTICH: Na Audrey wako, hajambo?

KIPLAGAT: Hajambo. Jero, niko kwa simu ya barabarani hapa Fairfax, nimebaki na coins tatu. Nimeleta gari kwa ofisi ya usajili ikaguliwe chassis number ndio nipewe logbook ya Virginia.

JEROTICH: Gari gani?

KIPLAGAT: (anakohoa) Corolla.

JEROTICH: Corolla yangu.

KIPLAGAT: Yetu.

JEROTICH: Ile ulitoka nayo hapa Langley Park mwezi wa tatu ukisema unaenda kubadilisha oil. Sasa ni mwezi wa sita. Hiyo oil imekuwa nyingi.

KIPLAGAT: Najua umekasirika, lakini— (mlio kwenye laini) —unanisikia?

JEROTICH: Nakusikia vizuri sana.

KIPLAGAT: Ofisa amesoma namba iko chini ya kioo cha mbele, akasoma na ya mlango wa dereva. Hazifanani. Ameingia ndani na funguo, ananiambia ningoje.

JEROTICH: Mlango ulitoka junkyard ya magari mabovu, wakati uligonga ile nguzo ukiwa umelewa. Si umwambie.

KIPLAGAT: Nimemwambia. Anataka makaratasi. Hiyo receipt iko kwako, na logbook ya Maryland pia iko kwako.

JEROTICH: Na wewe ulimwambia logbook iko wapi?

KIPLAGAT: Nilijaza form kwamba imepotea.

JEROTICH: Ukasaini.

KIPLAGAT: Jero, yule aliyetuuzia alisaini upande wake, upande wetu ukabaki wazi. Niletee tu. Wanafunga saa kumi na moja. Naandika jina tunamaliza.

JEROTICH: Jina la nani?

(Mashine inaomba sarafu. Kiplagat anatia moja.)

JEROTICH: Kiplagat, jina la nani?

KIPLAGAT: Insurance iko kwa jina la Audrey, kwa hivyo—

JEROTICH: Wewe ndiye ulisema tusiandike. Tungoje harusi, tuandike majina mawili mara moja. Nikakubali, mimi mjinga. Leo nipande mabasi matatu nikuletee karatasi uandike Audrey.

KIPLAGAT: Nakuomba. Harusi ni Jumamosi, wazazi wake wamekuja. Mzee niko naye hapa. Nilikuwa nampeleka kuona White House, nikamwambia tupitie hapa dakika kumi. Amekaa kwa benchi tangu saa nne, ananiangalia tu.

JEROTICH: Tangu saa nne?

KIPLAGAT: Ndiyo.

JEROTICH: Baba yangu huko nyumbani alikaa kutoka saa mbili asubuhi. Amevaa suti. Mama ameandaa maziwa ya mursik, majirani wamebeba viti vya kanisa, wote wanangoja wajomba zako waje kuniposa. Ukanipigia ukasema gari yao imekufa njiani. Na siku hiyo walikuwa Iten, kwa kina Audrey, wanakula.

KIPLAGAT: Nilikosea.

JEROTICH: Baba hakuvua koti mpaka giza likaingia. Alikuwa anasema watu wa barabara wanachelewa, tuwavumilie.

KIPLAGAT: Nimesema nilikosea, Jero.

JEROTICH: Umesema leo, kwa sababu ya mlango.

(Sauti ya mashine inaomba sarafu. Sarafu inaanguka.)

KIPLAGAT: Nimebaki na moja. Wakiita polisi, unajua mambo ya visa yangu.

JEROTICH: Najua.

KIPLAGAT: Basi nihurumie.

JEROTICH: Huruma ilikuwako, nikaimaliza. Ile logbook niliijaza usiku ule hukurudi. Jina moja. Kesho yake nikaipeleka, wakaniandikia gari ni yangu.

KIPLAGAT: Ulifanya nini?

JEROTICH: Halafu nikaenda kwa polisi, nikawapa namba iko chini ya kioo. Nikawaambia imeibwa, na nani aliiiba.

KIPLAGAT: Lakini ofisa anasema ni mlango—

JEROTICH: Hiyo ya mlango alikuambia tu ndio usitoroke. Hangoji receipt, anangoja polisi. Miezi mitatu nimelala nikiuliza lini utaipeleka mahali mtu atasoma hiyo namba. Na umeipeleka mwenyewe, na mkwe wako. Wacha niseme ukweli, Kiplagat, nimefurahi sana.

KIPLAGAT: Jero, kuna gari mbili zimeingia hapa. Piga simu uwaambie umekosea. Jero?

JEROTICH: Niko.

KIPLAGAT: Mzee amesimama. Anakuja. Anauliza naongea na nani, nimwambie nini?

JEROTICH: Mwambie ni mwenye gari.

KIPLAGAT: Jero, tafa—

(Laini inakatika.)