Mzee Mwero Chirau na Mita Mia Tatu za Mwisho

Leo Jumamosi, tarehe 29 Novemba 2025, Mzee Mwero Chirau anaitua nyundo yake. Ameitumikia Reli ya Miwa ya Mwandeo kwa miaka ishirini na miwili, nyapara wa njia tangu siku ya kwanza, na kwa muda wote huo hakulipwa kitu isipokuwa chai ya rangi na maneno ya watu. Kesho anatimiza miaka sabini, na kanuni yetu inasema mwenye miaka sabini hafanyi tena kazi relini. Kanuni hiyo aliitunga yeye mwenyewe. Tulipomwomba tuilegeze kidogo kwa ajili yake, alitusikiliza kwa heshima zote, kisha akatuuliza kama na misumari ya reli tungependa ilegezwe kidogo.

Kamati imenipa mimi, Swabir, dereva wa treni, kazi ya kuandika wasifu huu. Wapo wenye vyeti wangeweza, lakini vyeti vyao havijafika Durban. Mimi shule niliiachia darasa la sita nikaingia melini miaka kumi na moja. Nimeona treni za Durban na za Bombay, mabehewa mpaka unachoka kuhesabu. Na ninasema mbele ya watu: kote nilikopita sijakutana na mtu anayeijua reli kama huyu.

Alianza mwaka 1974, kijana wa miaka kumi na minane, akilaza njia nyembamba za kubebea miwa. Kiwanda kikaja kufungwa, miwa ikaisha, na reli zikamezwa na nyasi. Wengi wetu tulisahau kwamba zilikuwepo. Yeye hakusahau. Mwaka 2003 aliingia kichakani na panga, pamoja na watu sita wa kujitolea, na kwa miezi mitatu walikuwa wakifyeka huku watu wa Kona ya Musa wakija kuwatazama kama sinema. Mmoja aliuliza kama wanatafuta dhahabu. Mzee Mwero alimjibu kuwa dhahabu wameshaipata, sasa wanaitafutia magurudumu.

Magurudumu yalipatikana. Leo tuna kilomita tano, kutoka bandani Mwandeo hadi kijitoni, tuna mabehewa matatu ya wazi, na tuna kichwa kimoja cha dizeli tunachokiita Kobe, ambacho mimi ndiye ninayeelewana nacho.

Asiyewahi kupanda na apande mara moja tu. Jumamosi asubuhi, umande haujakauka kwenye mikorosho, kwanza unamwona Mzee Mwero, kisha treni. Yeye hutangulia kwa miguu. Hugonga reli kwa nyundo, huinamisha kichwa, husikiliza, halafu husogea. Mlio wa chuma huenda mbele yake taratibu, ukapotea kwenye minazi kama mtu anayeitwa kwa mbali. Nyuma yake Kobe hunguruma kwa sauti ya usingizi. Wageni wa hoteli za Diani hudhani ni sehemu ya maonyesho, wakampiga picha. Akina mama wenye magunia ya nazi hawana habari na urithi wala historia, wao wanataka kufika. Lakini hata wao, treni inapoingia kwenye kivuli cha mikorosho, ukiwatazama nyuso utadhani wote wanaota ndoto moja.

Mtu mmoja tu hajawahi kupanda, naye ni mke wake, Mama Kadzo. Walikutana mwaka ule wa 1974 kwenye jukwaa la kupakilia miwa, pembeni mwa Msambweni, yeye akiuza mahamri na kijana Mwero akinunua mengi kuliko tumbo lake. Jukwaa hilo liko kilomita mbili ng'ambo ya kijito, na treni yetu haikufika huko. Mama Kadzo alimwambia mumewe mbele yetu sote kwamba treni ya kwenda kichakani na kurudi hana haja nayo, atapanda siku itakayomfikisha pale alipompata yeye. Kisha mguu wake wa kulia ukaanza maradhi, na njia ya kwenda jukwaani kwa miguu ikamshinda.

Hapo ndipo mpango wa kurefusha njia ulipotoka. Kwenye kumbukumbu za kamati tuliandika maneno makubwa kuhusu utalii. Ukweli ni kwamba mzee alitaka kumpeleka mkewe jukwaani, na alitaka misumari aipige kwa mkono wake, kabla umri haujamfungia. Ramani aliichora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Mstari mwekundu ulivuka kijito, ukafika Msambweni, ukashuka hadi Shimoni, kisha ukaingia baharini mpaka Mkwiro, kwa sababu dada yake Mama Kadzo ameolewa kisiwani. Mimi, mtu wa bahari, nilimweleza kwamba treni haielei. Aliniambia kazi ya dereva ni kuendesha.

Ng'ambo ya kijito njia ya zamani ilipita katikati ya shamba la Wayua, mama aliyekuja na wazee wake kutoka Ukambani wakapewa ardhi ya makazi. Reli kadhaa alikuwa amezitumia kujenga zizi la mbuzi. Tulitegemea vita. Mzee Mwero alikwenda kwake Ijumaa nne mfululizo, wakazungumza habari za mbaazi na mvua, reli hakuitaja hata mara moja. Ijumaa ya tano Wayua akamuuliza, wewe mzee, hizo reli unazichukua lini, mbuzi wangu wamechoka kungoja. Zizi likabomolewa. Na Wayua akajiunga nasi, akawa mkuu wa gengi la pili, lililolaza njia kuanzia jukwaani kurudi kijitoni, wakati la Mzee Mwero likitoka kijitoni kwenda jukwaani.

Magengi mawili yanahitaji fimbo mbili za kipimo. Fimbo hiyo huwekwa kati ya reli na reli ili upana uwe mmoja mwanzo hadi mwisho. Mzee alinipa mimi niitengeneze ya pili. Nami niliyefanya kazi kwenye karakana za meli ningetengenezaje fimbo ya kijijini? Nikakata mvule kwa kipimo barabara kabisa. Kisha, kwa urembo, nikaivisha vifuniko viwili vya shaba, kimoja kila ncha. Iling'aa kama ya sultani. Nikaiacha bandani kwenye vifaa, Wayua akaichukua.

Tarehe 4 Oktoba, wiki nane kabla ya leo, magengi yalikutana. Mzee Mwero alipanda kiberenge chetu cha kusukuma kwa mkono, akapita maungio. Baada ya hatua chache tu alikisimamisha, maana mlio wa magurudumu ulikuwa umebadilika. Akaomba fimbo ya Wayua, akaigeuza mikononi, akavichomoa vile vifuniko. Mwajua sasa. Fimbo ilikuwa sawa, ila unene wa shaba huku na huku ulikuwa umeongeza upana wa kidole kizima. Mita mia tatu zililazwa kwa upana huo. Kobe angepita hapo, magurudumu yangetumbukia katikati.

Wayua aliuliza fimbo hii ni kazi ya nani. Mimi nilikuwepo. Mdomo huu uliozunguka bandari za watu haukutoa hata herufi. Mzee Mwero alivitia vifuniko mfukoni, akasema imepimwa vibaya na yeye ndiye aliyeikubali, basi tuanze kung'oa.

Mataruma mia tano ya kulalia reli, misumari elfu moja. Mvua za vuli zikituchapa. Gengi la Wayua lilimtania bila huruma wiki zote hizo: mzee macho yamekwisha, kumbe miaka sabini ilifika mapema, bora hata tungempa fimbo mbuzi. Yeye alicheka nao, akapiga misumari. Hakuniangalia kwa jicho baya hata siku moja. Usiku wala mchana sikuwahi kusikia amenitaja, si kwa Wayua, si kwa kamati.

Kwa hiyo leo ninaandika hapa, penye muhuri wa kamati: Wayua, gengi zima, fimbo ilikuwa yangu. Macho ya mzee hayana kasoro. Mchekeni Swabir, na mkimaliza muanze tena.

Msumari wa mwisho ulipigwa juzi Alhamisi, na Mzee Mwero, saa kumi alasiri, mita mia tatu zikiwa na upana ule ule wa kilomita nyingine zote. Jana Mama Kadzo alikuja bandani kuchagua kiti chake, behewa la kwanza, upande wa bahari. Alikuja akijikongoja. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na macho yangu yakaanguka kwenye ncha ya mkongojo wake. Imevishwa kifuniko changu cha shaba. Nilipouliza cha pili kiko wapi, alicheka, akasema cha pili kipo kwenye fimbo ya kutembelea ya mumewe, amejiwekea ya kustaafia.

Mzee wetu, umetufundisha kusikiliza chuma na kunyamazia aibu ya mwenzio. Ahsante kwa kila hatua uliyotangulia mbele yetu. Mungu akupe afya, akupe asubuhi ndefu za kukaa kitako na Mama Kadzo, na mahamri yasikupungukie.

Treni inaondoka saa nne kamili. Leo hutatangulia kwa miguu, utakaa karibu na mkeo. Nitaendesha polepole. Ng'ambo ya kijito, tukiingia kwenye zile mita mia tatu, utasikia nikipiga honi, ndefu, mpaka jukwaani. Wageni watadhani ni shangwe. Wewe ujue ni mimi, naomba radhi.