Mbuzi Wangu Walilipa Dhambi ya Mume Wangu

Bwana asifiwe! Asifiwe tena, maana wengine mmeitikia mkiangalia viatu vyenu.

Wazee wa kanisa, shikamooni. Mimi ni Mama Kazungu, nakaa hapa Gongoni, nauza mahamri na mbaazi asubuhi, na nafuga mbuzi. Leo nimekuja kumshukuru Mungu, na nimekuja nimekasirika. Mtanisamehe, au msinisamehe, lakini nitasema.

Ndugu zangu, mwaka jana nyumba yangu iliingia baridi. Baba Kazungu akirudi kutoka mashamba ya chumvi, hali, hasemi, nikimuuliza ananiambia nina maneno mengi. Nikawa silali. Nikawa mkali kwa watoto, nikakonda hadi leso haishiki kiunoni. Nikaja hapa hapa, nikawaambia akina mama wa ushirika: niombeeni, kuna kitu sikioni.

Mkaniombea! Mkanizunguka, mkaniwekea mikono kichwani, mkakemea pepo wa wivu na pepo wa hasira. Mkaniambia nifunge. Nikafunga mpaka nikaanguka jikoni pamoja na sufuria ya mbaazi. Mkaja kunitazama, mkasema pepo huyu ni sugu.

Kumbe mlijua! Wote mlijua!

Niwaeleze wageni. Kwetu Wagiriama, mwanamume akishikwa na mke wa mtu, wazee hukaa wakamtoza malu, ndiyo fidia ya yule mume aliyeibiwa. Ikishalipwa, neno limekwisha. Mume aliyekosewa amefutwa machozi. Na mke aliyekosewa je? Huyo hana kikao. Huyo hupika.

Naam, nilipika! Wazee walikuja kwangu, na Baba Kazungu akaniambia wamekuja kuzungumza mpaka wa shamba na jirani yetu Charo. Nikawapikia jogoo wangu na wali wa nazi. Wakala, wakasifu mkono wangu. Walipoondoka, wakaondoka na mbuzi wangu wanne, niliowanunua kwa mahamri, mmoja ana mimba. Nikaambiwa hayo ndiyo makubaliano ya mpaka. Nikasema sawa, heri amani na jirani. Ndugu zangu, mume wangu alilala na mke wa Charo, na waliomlipia ni mbuzi wangu! Nami nikawanawisha mikono waliokuja kuwachukua!

Aliyetumwa kunitoa huko ni wifi yangu Sidi, dada ya mume wangu, tumbo moja. Alinikuta nimefunga tena, midomo imekauka. Akaniwekea bakuli la uji, akasema, "Wifi, kunywa. Wewe huna pepo. Una mume." Kisha akanieleza yote, mpaka habari ya mbuzi. Na mamake alishamwambia akifungua mdomo asikanyage kwake tena.

Nililia. Nilirusha bakuli ukutani. Halafu nikalala, usingizi ambao nilikuwa nimeusahau. Huo ndio ukombozi wangu, ndugu zangu! Haukuja kwa mafuta wala kwa kelele. Ulikuja kwa neno la kweli, kinywani mwa mtu aliyekuwa na kila sababu ya kunyamaza.

Nikaenda zahanati kupima. Mungu ni mwema, niko salama. Lakini ningekuwa siko salama, nani kati yenu angenilelea watoto?

Nikamwendea Mama Mchungaji, nikamuuliza mbona. Akaniambia, "Mama Kazungu, tungekwambia tungeivunja nyumba yako. Na aibu ya maiti, aijuaye mwosha." Mama, nakuheshimu sana, lakini mimi si maiti! Na nyumba ilikuwa imeshavunjika. Nyinyi mlinizuia tu nisitoke chini ya kifusi.

Nikawaita wazee wale wale. Safari hii sikupika. Nikawaambia, sitaki fidia yenu, nataka mbuzi wangu. Wakacheka. Wakasema mwanamke hadai. Nikakaa mlangoni pale, nikawaangalia mpaka wakachoka kucheka, wakaona kwamba sitoki na wao hawatoki. Wakaamua Baba Kazungu amlipe Charo kwa mali yake mwenyewe, na mimi anirudishie mbuzi wangu wote. Sasa analala kwa kakake. Mbuzi watatu ameshaleta, na anauliza atarudi lini. Nimemwambia kwanza alete yule wa nne, aliyekuwa na mimba, pamoja na watoto aliozaa, ndipo tuzungumze. Kama nitamsamehe sijui. Nalipeleka kwa Bwana kila siku, na Bwana ananijua nilivyo.

Dada uliyekaa hapa, moyo ukikwambia kuna kitu, mtumaini Mungu, kwa maana Yeye kweli haimwaibishi. Usikubali kukemewa pepo usiye naye. Kula, upate nguvu, kisha uliza. Nawe unayejua ya mwenzako, usiniambie unamwombea. Ibada ikiisha usikimbilie chai. Mfuate kwake, umwambie, kisha ukae naye akilia.

Wifi yangu Sidi, simama wakuone. Huyu hapa! Mpigieni Bwana makofi kwa ajili yake. Na nyinyi mlioniwekea mikono kichwani, pigeni kwa mikono ile ile.