Bwana Whilom Hakuzaliwa

"Neno lililokufa halihitaji mshahara." Ndivyo alivyosema Bwana Walubengo, naibu mkuu wetu, katika kikao cha wafanyakazi, alipopendekeza kiti cha Mama Beldina Aloo kisijazwe na sanduku lake la kadi litupwe. Amekosea, na nitamwonyesha.

Mama Beldina anastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maktaba ya kumbukumbu hapa Kisumu. Alianza kama mpiga chapa. Barua za wakoloni alizonakili zilikuwa na Kiingereza kilichomshinda hata mkuu wake, basi akawa anaandika kila neno geni kwenye kadi alizokata kutoka maboksi ya sukari ya Muhoroni. Mende walizipenda sana. Akawashinda.

Neno alilolifuatilia zaidi ni "whilom". Waandishi wa kale wa Kiingereza walianza hadithi nalo, kama sisi na "hapo kale". Baadaye wakalitumia kwa mtu aliyepoteza cheo, au aliyefariki. Kufikia karne ya kumi na tisa lilikuwa limebaki kuwa la madoido na mzaha. Kadi arobaini na tatu, ujumbe mmoja: ilikuwa, sasa siyo.

Kazi bure? Muulizeni Caren Okello wa Nyamasaria. Barua ya mwaka 1934, iliyopigwa chapa kwa herufi kubwa tupu, ilisema ardhi ya familia yake ni "WHILOM OKELLO'S", yaani mali ya "whilom Okello". Wakili wa upande wa pili akadai mwenye ardhi alikuwa mtu mwingine kabisa, aliyebatizwa Whilom Okello, hivyo Caren ahamishe makaburi ya babu zake. Wengi tuliamini. Huku kwetu watu wamebatizwa majina ya ajabu kuliko hilo.

Mama Beldina alibeba sanduku hadi mahakamani, akasoma kadi moja moja mpaka karani akaomba maji. Kisha akasema, "Mheshimiwa, huyu Whilom hakuzaliwa. Ni neno tu, na hapa maana yake ni marehemu. Okello ni mmoja, babu wa huyu mama." Makaburi yako palepale. Na tangu siku hiyo, anayetoroka kazini kabla ya saa kumi tunamwita Bwana Whilom.

Asante, Mama. Macho yako yapumzike, na mende wakukose.

Nawe Bwana Walubengo, pamoja na kamati yako ya ajira: kesho familia nyingine italeta barua yake, nami sitaki kuiambia kwamba whilom tulikuwa na mtu wa kuisoma. Tangazeni nafasi hiyo kabla ya Ijumaa. Sanduku liacheni rafuni.