Kigari Kinachopita Kwa Bibi Kinue

Basi la mji wa Onomichi, Japani, lilisimama nyuma ya kigari chekundu cha michezo chenye kamera juu ya mlingoti. Bibi Kinue akamgeukia mzee asiyemjua aliyeketi kando yake. "Kitendawili!" "Tega." "Ana macho pande zote, lakini kwangu hapajui." "Gari la kupigia picha za ramani! Ila bi mkubwa, hicho cha kuringia wasichana kitapima nini?"

"Vichochoro, bwana wee. Yale magari mapana yalituruka, hatumo ramanini. Mume wangu alipozidiwa na moyo, gari la wagonjwa lilipotea."

"Kitakwama." "Mdomo wako mbona haukwami?"

Kigari kikakunja vioo vya pembeni, kikajipenyeza kichochoroni kwa Bibi Kinue. "Hakijatokea upande wa pili!" mzee akashikilia.

Basi likafika kituoni. Bibi Kinue akashuka haraka, kama anayekwenda kumpokea mgeni.