Katekista Aliyesali Nje ya Uzio

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko. Ni mimi Clemensi. Sogezeni viti karibu na redio. Mwenye betri zinazosuasua azianike juani kesho, leo azivumilie tu. Sauti yangu imechoka, mtaisikia wenyewe. Jana nimerudi kutoka Karatu kwa lori la mahindi, na mifupa bado inalalamika. Lakini si lori lililonichosha.

Leo tunamkumbuka katekista Bartolomeo Qamara, wa Daa, Karatu. Narudia jina kwa waliochelewa kufungua redio: Bartolomeo Qamara. Alifariki mwezi wa sita mwaka huu wa 1986, akiwa na miaka sitini na moja. Ameacha mjane, Mama Germana, na binti mmoja, Antonia, mwenye miaka saba.

Wasifu wake ulisomwa kaburini. Alikuwa mcha Mungu, mkarimu, mtu wa watu. Jamani, mimi nimeshasoma wasifu wa marehemu zaidi ya mia mbili hapa redioni, na wote walikuwa watu wa watu. Sijui wale wengine huwa wanazikwa wapi. Mama Germana alinishika mkono akasema, "Mwanangu, ukimsema mume wangu redioni, sema na habari ya ule mlango. Yeye mwenyewe aliagiza." Basi leo tutausema na mlango.

Bartolomeo alizaliwa Mbulu mwaka 1925. Akaja Karatu kijana, na baba yake, kutafuta shamba. Alilima mahindi, maharage na ngano kidogo. Jumamosi alifundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa. Jumapili padri asipofika, na mara nyingi hakufika kwa sababu ya matope, Bartolomeo ndiye aliyeongoza ibada kigangoni. Watu wanasema alipenda kubishana. Hapana, tuseme ukweli: alipenda kushinda.

Na mtu aliyebishana naye zaidi aliitwa Metui. Huyu ni mfugaji wa Kimasai, kutoka kule juu Ngorongoro. Tangu mwaka 1971, kila kiangazi, Metui aliteremka na punda wanne na mbuzi wachache, akabadilisha mbuzi kwa mahindi. Alifikia kwa katekista. Mahindi yalikuwa bado kwenye magunzi, kwa hiyo walikaa uani wakapukuchua pamoja. Mikono inafanya kazi, midomo inapigana. Majirani walikuja kusikiliza, nao wakapewa magunzi yao.

"Wakikorofishana, gunia linajaa haraka," Mama Germana aliniambia, na hapo tu ndipo nilipomwona akicheka. "Mimi nilikuwa nawachokoza makusudi."

Metui hakuwa mtu wa kukana Mungu. Nilimrekodi, msikilizeni anavyosema. "Enkai, ndiye Mungu kwetu, nilimjua kabla sijamjua katekista. Mimi nilikataa jambo moja tu. Nilikataa kwamba mtu hawezi kuwa mwema mpaka amwagiwe maji kichwani."

Hilo ndilo lilikuwa swali lake, miaka nenda miaka rudi. Alimwambia katekista, "Wakristo wako wanalewa Jumamosi, wanapiga wake zao, Jumapili wanapiga magoti. Mimi silewi. Sasa huyo Mungu wako ananipa nini ambacho sina?"

"Anakupa nguvu ya kutenda lile unaloogopa," Bartolomeo akamjibu. "Wema wa siku nyepesi kila mtu anao, Metui. Mimi nasema siku nzito."

"Haya. Tutaiona hiyo siku nzito."

Lakini msidhani Metui alishinda kila mara. Siku moja, mwaka 1974, alisema ng'ombe wote duniani Mungu aliwapa Wamasai, kwa hiyo Mmasai akichukua ng'ombe hajaiba, amerudisha chake. Bartolomeo akaweka gunzi chini. "Ng'ombe wa baba yangu walichukuliwa na watu wenu, nikiwa nawachunga mimi. Kama Mungu aliwapa ninyi, mbona alisahau kumwambia baba yangu? Alilia wiki nzima." Watu wakacheka uani. Metui hakucheka. Kiangazi kilichofuata aliteremka na punda wake wanne, na nyuma ya punda kulikuwa na mtamba mwekundu.

"Huyu ni wa nini?" katekista akauliza.

"Ni wa baba yako. Nilifikiri mwaka mzima, sikupata jibu. Mtu akishindwa asibaki na maneno tu."

Kumbukeni huyo mtamba, wasikilizaji wapendwa. Tutamrudia.

Sasa inabidi nieleze jambo moja kwa wale wa mbali. Sisi Wairaqw, ambao wengine mnatuita Wambulu, tuna mwiko wetu wa kale. Unaitwa metimani. Kifo cha ghafla kikiingia katika nyumba, au mtoto mchanga akifa, nyumba ile inakaa peke yake. Jirani haingii. Hapokei maji yao, hawapi moto wake. Inaweza kuchukua miezi, inaweza kuchukua mwaka. Inaogopwa zaidi na wenye watoto wadogo na wenye mimba, kwa sababu inasemekana kifo kitawafuata. Waliokaa humo si watu wabaya. Wanakaa tu.

Bartolomeo aliipinga metimani miaka yote. Aliipinga kigangoni, aliipinga uani. Alisema kifo hakimnajisi mtu, Kristo ameshalala kaburini akatoka. Alisema hayo mbele ya wakatekumeni, na mmoja wao alikuwa mama kijana, Hyasinta, jirani yake wa shamba kwa shamba. Hyasinta aliamini. Akabatizwa.

Mwezi wa tano mwaka 1978, mume wa Hyasinta, Thomasi, alianguka shambani akafa papo hapo. Wiki tatu baadaye akafa mtoto wao mchanga. Nyumba ikaingia metimani. Watu wakaanza kupita njia ya juu.

Hyasinta alimsubiri katekista wake. Na katekista alifika. Alifika mpaka kwenye uzio wa minyaa, akasimama nje, akatoa rozari, akasali kwa sauti kubwa mafumbo yote matano. Kisha akarudi kwake. Siku ya pili hivyo hivyo. Hakuingia.

Kwa nini? Mama Germana alikuwa na mimba. Walikuwa wameshazika watoto wawili, na wote hawakufikisha mwezi. Bartolomeo alikuwa na miaka hamsini na tatu. Mganga hajigangi, wasikilizaji. Mimi simcheki, na wewe uliye na mtoto mmoja kitandani usimcheke.

Mwezi wa saba, baridi ya Karatu ile mnayoijua, Metui akateremka na punda. Wakakaa uani, wakaanza kupukuchua. Metui akainua macho. "Nyumba ile mbona haina moshi?"

Bartolomeo akaeleza kwa maneno machache. Moto wa yule mama ulizimika, na hakuna wa kumpa.

"Na wewe umempa nini?"

"Ninamwombea."

Metui akainuka. Akachukua vijiti vyake vya kupekechea moto, akavuka shamba, akaingia uzioni. Aliniambia hakujua kama ni ushujaa. "Kulikuwa na baridi," alisema. "Mtu wa baridi unamwashia moto. Hilo nalo linahitaji mafundisho?" Akapekecha, moto ukawaka, akakaa mpaka maji yakachemka. Akanywa chai ya Hyasinta. Alasiri akarudi kwa rafiki yake.

Akamkuta katekista amesimama mlangoni, mikono miwili imeshika miimo.

"Nipishe niingie, katekista."

Mikono haikuondoka kwenye miimo.

"Ulisema kifo hakimnajisi mtu. Ulisema hapa hapa, umekaa juu ya gunia hili."

Bartolomeo akasema, "Leo ulale kwenye banda la mahindi. Chakula nitakuletea huko."

Metui akamtazama. "Basi nimeiona siku nzito." Akafunga mizigo kwenye punda, gunia moja likiwa bado nusu, akaondoka.

Mama Germana alikuwa ndani, nyuma ya mgongo wa mume wake. "Nilikuwa na tumbo la miezi sita," alisema. "Nilitaka kumwambia amwache aingie. Na nilitaka asiingie. Vyote viwili. Ukimlaumu, nilaumu na mimi."

Antonia alizaliwa mwezi wa kumi, mzima, analia kwa nguvu. Kijiji kilishangilia. Bartolomeo alimpakata, lakini kila alipomtazama alinyamaza. Mama Germana anasema mume wake hakujua kama mtoto amepona kwa sababu mlango ulifungwa, au angepona hata mlango ungekuwa wazi. Hilo hakuna wa kumjibu mpaka leo. Aliacha kubishana. Magunia yakachukua muda mrefu kujaa.

Na Hyasinta? Metimani ilipoisha, alirudi kigangoni. Lakini hakuingia. Alikaa nje kwenye nyasi, karibu na dirisha, akafuata ibada yote akiwa nje. Alipoulizwa alisema, "Katekista alinisalia akiwa nje. Na mimi nasali nikiwa nje. Mungu atasikia, siyo?" Kila Jumapili Bartolomeo aliona kilemba chake dirishani huku akisoma Injili. Kila Jumapili, wasikilizaji wapendwa.

Mwaka 1981 Metui alirudi. Njaa haina kiburi, alihitaji mahindi. Bartolomeo alimkuta njiani, akamwambia, "Wewe uliposhindwa ulileta mtamba. Mimi niliposhindwa nilifunga mlango. Sina cha kukuletea."

"Usiniletee mimi," Metui akasema. "Mimi niliondoka nikalala kwingine. Yule mama hakuwa na kwingine."

Siku hiyo hiyo Bartolomeo alikwenda kwa Hyasinta. Aliingia ndani, akakaa, akasema alichokuja kusema. Hyasinta alimpikia chai. "Maombi yako niliyasikia," akamwambia. "Yalikuwa marefu. Umechelewa miaka mitatu, katekista. Kunywa chai." Jumapili iliyofuata Bartolomeo alisimama kigangoni akaeleza yote, uzio na mlango. Watu waliinama wakatazama viatu. Hyasinta alisikia kupitia dirishani. Aliendelea kukaa nje.

Metui naye aliendelea kuja. Waliendelea kupukuchua, lakini taratibu, kama wazee. Bartolomeo alikuwa akisema, "Sasa nakuuliza mimi. Niliamini kweli, au nilikuwa nasema tu?" Na Metui, mbishi yule, akamjibu, "Uliamini. Uliogopa pia. Hata simba anaogopa." Mama Germana aliyasikia hayo, ndiyo maana ninayo.

Mwezi wa sita mwaka huu Bartolomeo alikwenda shamba lake la juu, karibu na msitu. Nyati alitoka kwenye mahindi. Sitaeleza zaidi. Walimleta asubuhi ile ile, ameshafariki.

Kifo cha damu, porini. Kwetu hicho ndicho kifo kinachoogopwa kuliko vyote. Mwiko ule ule ukaja kukaa kwenye nyumba ya katekista mwenyewe. Ndugu wa damu walimzika. Kisha Mama Germana na Antonia wakabaki peke yao. Kwaya ya kigango ilikuja, watu ishirini na wawili. Wakasimama nje ya uzio. Wakaimba nyimbo tatu, nzuri sana. Majivu ya ndani yalikuwa ya baridi.

Wakiwa katika wimbo wa nne, Hyasinta alitokea shambani kwake ameshika kijinga cha moto. Akapita katikati ya kwaya. Mzee Patrisi, mwalimu wa kwaya, akasema, "Hyasinta mwanangu, ngoja kwanza."

"Mimi nilishangoja, mzee," akasema. "Najua kungoja kulivyo."

Akaingia. Baada ya muda moshi ukatoka kwenye nyasi za paa. Akatokea mlangoni, akafuta macho kwa kanga, akauliza, "Nani ana kuni?"

Mzee Patrisi alisimama pale na kitabu chake cha nyimbo. Kisha akakipa mtu amshikie, akaenda kuokota kuni. Waliingia watu wanne. Wanne, kati ya ishirini na wawili. Sitawadanganya kwamba wote waliingia. Na Jumapili iliyofuata Hyasinta aliingia kigangoni, akakaa benchi la mbele na Antonia mapajani.

Metui alipata habari akateremka bila punda. Hajabatizwa, na hakuniahidi kwamba atabatizwa. Alikaa uani kwenye gunia la Bartolomeo, akaniambia, "Maswali bado ninayo mengi. Sasa nitamuuliza nani?"

Sasa nimalizie na langu. Mimi ni wa Mbulu. Nilisoma mpaka sekondari, ninasema redioni kila wiki. Nilipofika kwa Mama Germana na mashine yangu ya kurekodi, nilisimama nje ya uzio. Nikamwambia waya wa kipaza sauti ni mfupi, kwa hiyo atoke yeye. Waya haukuwa mfupi. Nina mtoto wa miezi minne nyumbani.

Alinitazama bila hasira. "Clemensi mwanangu," akasema, "chai haifiki huko."

Niliingia. Antonia ndiye aliyeniletea kikombe. Leo asubuhi, kabla ya kuja studio, nilimpakata mwanangu, na bado ninaogopa.

Mama Germana, Antonia, ndugu wa marehemu, na wewe Metui huko Ngorongoro: poleni sana. Mwenyezi Mungu ampumzishe Bartolomeo Qamara, ambaye alishinda hoja nyingi akashindwa moja, na hiyo moja hakuificha.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, sina mahubiri. Tokeni tu nje mtazame kijijini kwenu. Kama kuna nyumba isiyo na moshi, zimeni redio muende. Mimi sitakasirika.