Mama ni Yupi? Maneno ya Mzazi Wakati wa Kumuaga Mwalimu Mkuu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Ndugu mwenyekiti wa kamati ya shule, walimu, wazazi wenzangu, na wewe Mwalimu Mkuu wetu unayestaafu leo, ambaye ukitupa mgongo tunakuita Mwalimu Kifungo: habari za mchana.

Nimeombwa nimsifu. Nitamsifu, ila mtanisamehe, nina na jambo jingine la kusema.

Nani kati yetu hajamsonya mama huyu? Jioni umechoka, una haraka, naye hamtoi mtoto wa chekechea mpaka amfunge sweta kifungo kimoja kimoja, amfute pua, amkague viatu. "Mwalimu, jamani, tulale hapa?" Ndipo kamati ikatuletea utaratibu mpya wa majaribio: mzazi aliyebanwa apige simu ya video, sura yake ionekane, mtoto akabidhiwe ndugu atakayetumwa. Tulishangilia kweli!

Wiki iliyopita umeme ulikatika kwenye duka langu la ushonaji, nikawahi shuleni. Nikamkuta Mwalimu mlangoni amepiga goti, anamfunga mwanangu sweta, simu kaiegemeza dirishani. Na ndani ya simu, jamani, nilikuwa mimi. Sura yangu, sauti yangu, hata hiki kicheko changu mnachonitania nacho. Ikasema, "Fanya hima basi Mwalimu, mjomba wake anasubiri na pikipiki."

Mjomba gani? Kwetu tumezaliwa wasichana watupu!

Nikapiga ukelele. Simu ikakatika, pikipiki ikatimua mbio, na hadi leo aliyeiendesha hajulikani.

Fundi simu wa mtaani kwetu alinieleza. "Dada, zile video zako za kutangaza magauni zimewatosha matapeli kuiga sura na sauti yako. Zamani simu ingekwama kabla sura haijafumbua mdomo. Chipu za sasa zina kasi, na intaneti nayo haisuasui. Mtu anaivaa sura yako na kuongea nayo papo hapo." Kasi hiyo hiyo ndiyo inayonitafsiria maneno ya wateja wa kigeni na kunipimia kiuno cha mtu kwa kamera. Siichukii simu. Naiogopa.

Lakini kilichoninyima usingizi ni kingine. Nilipopanua mikono nimkumbatie mwanangu, hakuja. Alijificha nyuma ya Mwalimu, akamuuliza, "Mama ni yupi?"

Mwalimu, ulimshika mkono ukasubiri mpaka alipokuja mwenyewe. Kawia ufike, walisema wahenga. Mwanangu alifika. Mungu akulinde.

Mheshimiwa, muda mfupi ujao utaombwa uuzindue rasmi utaratibu ule. Mwenyekiti anasema lile lilikuwa tukio moja tu. Je, la pili litamkuta mtoto wa nani? Kesho Mwalimu hayupo, na atakayesimama mlangoni ameshaambiwa asitucheleweshe. Nakusihi, usiuzindue.

Nawashukuruni nyote kwa kunipa masikio yenu. Sasa naomba ruhusa nitoke. Mwanangu yuko darasani, na tangu nianze kuzungumza sijamwona.