Mama Notburga, Mwenye Mji wa Matofali

Baada ya miaka kumi na tisa ya kutunza chumba cha kompyuta cha kituo chetu cha vijana, Mfaranyaki, Mama Notburga anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni. Kazi ya kumwandikia nimepewa mimi, Pankrasi, mlinzi wa kituo, maana kwa kusimulia hapa Songea sina mpinzani.

Alianza na kompyuta chache za kuchapia barua. Kisha ukaja ule mchezo wa kujenga kwa matofali, watu wengi ndani ya ulimwengu mmoja, na watoto wakamiminika kama kumbikumbi. Wakajenga Songea nyingine: soko, mitaa, mlima Matogoro na msitu wake. Mimi nilisimamisha mnara ambao ukiwa juu, kengele za Peramiho unazisikia kwa kuinama. Ukungu wa mlima ule ulikuwa mzito hadi chumbani tukavaa masweta. Asiyeamini amuulize Dorine, mpishi wetu, aliyeleta chai akapotelea mlangoni.

Baadaye kila mtu akawa na simu yake, na michezo ikawa ya bunduki na mpira. Mji ukapwaya. Mama akabaki anauzunguka peke yake alasiri, taratibu, kama anayeota macho wazi. Uongozi ukaamua kwamba akistaafu, mashine inayoubeba mji izimwe na kila kitu kifutwe. Akaomba siku moja tu, awaite wajenzi wake waje kuuaga.

Jumamosi iliyopita tukaketi mbele ya kompyuta kusubiri. Mitaa mitupu. Chai ikapoa.

"Wamekua, kaka Pankrasi," akasema. "Wana watoto wao sasa." Akanyoosha mkono kwenye swichi.

Mimi mwenye macho ya mwewe nikamdaka: "Mama we! Hebu chungulia nje ya lango la mji!"

Wajenzi wake walikuwa wamejazana kule ukunguni, kila mmoja kaingia kwa simu yake: Oswald akiwa Mbeya, Evaline akiwa Tabora, na wengine chungu nzima. Hodi zao zimepangana chini ya kioo kwa herufi ndogo, na Mama miwani kaiacha nyumbani. Ndivyo alivyowalea: huingii kwa mtu mpaka uambiwe karibu, na mkorofi alichimbishwa ngolo, yale mashimo ya kuzuia maji ya mvua, mlima mzima wa matofali, kama shambani kwa Wamatengo.

Akaandika "Karibuni wanangu" kwa kidole kimoja. Mji ukajaa.

Mwenyekiti wetu, Bwana Ramson, alikuwa amefika kuichukua mashine. Akasimama, akatazama, akavuta kiti. "Mama," akauliza polepole, "kiwanja kimebaki?"

Mashine inaunguruma hadi leo. Asante, Mama yetu. Nenda kapumzike shambani kwako Matogoro, kahawa yako izae, na usingizi wa mchana ukuchukue bila aibu.